Usiiwashe Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kufufua Kompyuta za Zamani

Kompyuta iliyokaa stoo miaka thelathini haikukaa bure. Betri imevuja juu ya bodi, kapasita (vipande vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) zimepata nyufa, mikanda ya mpira imeyeyuka ikawa kama lami. Kosa kubwa kuliko yote ndilo linalomjia kila mtu akiipata tu: kuichomeka kwenye soketi na kubonyeza swichi "tuone kama inawaka". Mashine nyingi zilizofika kwa mwenyewe zikiwa nzima zimekufa katika sekunde hizo chache. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua mashine hadi kuihifadhi, na unahusu zaidi zile zilizotoka kati ya 1977 na katikati ya miaka ya 1990.

CHAGUA UWANJA WAKO

Anayekusanya kila anachokiona hujaza chumba ndani ya mwaka mmoja, na hana hata mashine tano zinazofanya kazi. Jiwekee mpaka. Wengine huchagua kampuni, wengine kipindi. Mpaka mzuri unaosahaulika ni kichakataji. Familia ya 6502 itakupa Apple II na Commodore PET za 1977, BBC Micro ya 1981 na Commodore 64 ya 1982. Ukienda na Z80 utapata TRS-80, ZX Spectrum na Amstrad CPC. Ukichagua 68000 utakuwa na Macintosh ya 1984, pamoja na Atari ST na Amiga zilizotoka 1985. Faida yake ni kwamba ukishaijua mashine moja, nusu ya ujuzi wako unahamia kwa ndugu zake.

Kwa anayeanza, anza na mashine iliyouzwa kwa wingi: Commodore 64, ZX Spectrum, Amiga 500, au PC yenye kichakataji cha 286 hadi 486. Michoro ya saketi zake inapatikana, vipuri vipya vinatengenezwa hadi leo, na karibu kila ubovu wake umeshapata mtu aliyeutatua. Mashine adimu yenye chipu za kampuni yenyewe ni mtego: chipu moja ikifa, dawa yake ni kununua mashine nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti.

KABLA YA KUTOA PESA

Muuzaji akisema "haijajaribiwa", ichukulie kuwa alijaribu ikakataa. Toa bei ya mashine mbovu, na ikiwaka hiyo ni zawadi.

Omba picha za ndani. Kama hazipatikani, angalia haya: skrubu zilizoliwa vichwa (imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi), unga wa kijani au bluu kwenye matundu ya nyuma (betri imevuja), harufu ya samaki (kapasita zimemwaga majimaji yake), na vitufe vya kibodi visivyorudi juu. Macintosh ndogo zenye skrini ndani hufunguliwa kwa bisibisi ya Torx T15 (ncha yenye umbo la nyota) yenye shingo ndefu. Zikiwa na alama za kuchokonolewa kwenye mshono wa kasha, fundi aliyetangulia hakuwa nayo.

Soma kibandiko cha umeme. Mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 haitoi onyo. Pawa saplai nyingi za PC zina swichi nyekundu ya 115/230 nyuma, nayo huwa imeachwa pale ilipotoka. Mashine za Marekani hutoa picha ya mfumo wa runinga wa NTSC na za Ulaya wa PAL, kwa hiyo Commodore 64 ya Marekani kwenye runinga ya PAL inaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka, ingawa yenyewe ni nzima.

Kama inasafirishwa, sisitiza masanduku mawili, moja ndani ya jingine, yenye angalau sentimita 5 za kinga kila upande. Kadi nzito zitolewe na kufungwa peke yake. Monita za chogo hulazwa kifudifudi, kioo chini, kwa sababu uzito wote uko mbele na shingo ya nyuma ni nyembamba kama ya chupa ya manukato.

MEZA YA KAZI

Unahitaji vitu vichache, lakini viwe vizuri: multimita (kipima umeme) yenye mlio wa kupima mwendelezo, yaani kama njia ya umeme haijakatika, solda (chuma cha kulehemu) yenye kidhibiti cha joto (fanya kazi kati ya nyuzi 320 na 350 za Selsiasi), risasi ya kulehemu ya bati na ledi ya 60/40 au 63/37, fluksi (dawa ya kusaidia risasi kushika) ya kutosha, utepe wa shaba wa kufyonzea risasi, pombe ya isopropili ya asilimia 99, siki nyeupe, maji yaliyokenekwa, mswaki laini, mkanda wa mkononi wa kuzuia umemetuli. Risasi isiyo na ledi iache. Bodi za enzi hizo zililehemiwa kwa risasi ya kawaida, na ile mpya inahitaji joto kubwa linalobandua njia za shaba zilizozeeka.

HATUA YA 1: TOA BETRI, LEO HII

Hii haisubiri. Hata kama mashine hutaigusa kwa mwaka mzima, ifungue uitoe betri.

Adui mkuu ni pipa dogo la nikeli-kadmiamu la volti 3.6, mara nyingi la buluu, lililolehemiwa kwenye bodi za 286, 386 na 486, kwenye Amiga 2000, 3000 na 4000, na kwenye kadi ya kumbukumbu ya A501 inayoingia chini ya Amiga 500. Likivuja hutoa alkali inayotambaa juu ya shaba na kuingia ndani ya soketi. Macintosh nyingi zina betri ya lithiamu ya nusu AA, nayo ni mbaya zaidi: ikipasuka inaweza kula bodi, chasisi ya chuma na hata ya mashine jirani.

Kata miguu ya betri kwa koleo kwanza, kisha toa mabaki kwa solda. Usiivute kwa nguvu. Pedi zilizoliwa na alkali zitang'oka nayo. Baada ya hapo:

1. Paka siki nyeupe kwa mswaki kwenye sehemu yote yenye unga wa kijani, na sentimita kadhaa kuizunguka. Iache dakika 5 hadi 10. Siki inaua alkali. Kwa uvujaji wa lithiamu tumia bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa kwenye maji badala ya siki.
2. Suuza kwa maji yaliyokenekwa mara mbili. Siki ikibaki nayo itaanza kula.
3. Mwagia isopropili ili ifukuze maji, kisha acha bodi ikauke saa 24 hadi 48.
4. Kwangua polepole rangi ya kinga pale ilipopata weusi, na pima kila njia ya shaba kwa mlio wa multimita. Zinazokatika zaidi ni zile zinazopita chini ya betri na kuelekea kwenye chipu ya kibodi. Hii ndiyo sababu 386 nyingi zilizovujiwa zinawaka vizuri kisha zinalalamika kuwa hakuna kibodi.
5. Njia iliyokatika iunganishe kwa waya mwembamba wa 30 AWG (kipimo cha unene wa waya) kutoka mguu hadi mguu.

Betri mbadala: kwenye PC tafuta kwanza pini nne za betri ya nje karibu na pipa. Kwenye bodi nyingi njia hiyo haina chaji, hivyo unaweza kuchomeka kibebeo cha betri za kawaida ukiwa umehamisha jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini) inavyotakiwa. Ukiamua kuweka CR2032 (betri bapa kama sarafu) mahali pa pipa, lazima utangulize dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4148 inatosha, mstari wake ukielekea chanya ya bodi. Pasipo dayodi, bodi itajaribu kuichaji betri isiyochajika, nayo itavimba.

HATUA YA 2: PAWA SAPLAI

Hapa ndipo mashine huokolewa au huuawa, na hapa ndipo hata mtu anaweza kudhurika. Kwenye pawa saplai ya swichingi (inayobadili umeme kwa kuukatakata kwa kasi) iliyo kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa hubeba takriban volti 325 za DC, na inaweza kuzishikilia baada ya plagi kutolewa. Pima kwanza, gusa baadaye.

Monita za chogo ni daraja jingine. Ndani yake mna maelfu ya volti. Macintosh ndogo hufika karibu 12,000, na chupa za rangi huzidi 20,000. Kama hujawahi kuitoa chaji chupa ya skrini mbele ya mtu anayejua, usianze peke yako. Na ukiwa ndani ya monita, vua ule mkanda wa mkononi: unakuunganisha na ardhi, jambo ambalo hapo ndilo hulitaki.

Kapasita za Rifa. Ni vibonge vya rangi ya asali vinavyong'aa, vilivyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani ili kuchuja kelele. Vimo kwenye pawa saplai za BBC Micro na za Apple II nyingi. Ndani ni karatasi yenye tabaka la chuma. Ganda likipata nyufa, unyevu huingia, na siku ya kuwashwa hutoa moshi mzito unaonuka wiki nzima. Usisubiri vife: vitoe vyote. Kilichopita kati ya nyaya mbili za umeme kibadilishwe kwa aina ya X2 ya volti 275 AC yenye thamani ileile; kinachokwenda kwenye ardhi lazima kiwe Y2. Usichanganye hizo mbili. Y2 imetengenezwa isiweze kufa kwa kushoti, kwa sababu ikishoti chasisi nzima inakuwa na umeme.

Tofali la Commodore 64, yaani pawa saplai yake ya nje. Hutoa volti 5 DC na volti 9 AC. Kidhibiti cha volti 5 kimefukiwa ndani ya gundi ngumu, hakipumui, na kikifa hupandisha volti badala ya kuzishusha. Kumbukumbu hufa kwanza, chipu nyingine hufuata. Pima kwenye plagi: pini ya 2 ni ardhi, ya 5 ni volti 5, kati ya 6 na 7 ni volti 9 AC. Inayokubalika ni 4.75 hadi 5.25. Ukweli ni kwamba hata likipimwa zuri leo, kesho linaweza kupanda. Nunua pawa saplai mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii, na tofali la asili libaki la maonyesho.

ZX Spectrum hutumia volti 9 DC, na hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati. Angalia mchoro mdogo kwenye adapta kabla ya kuchomeka.

Kwenye PC za zamani, plagi mbili za bodi, P8 na P9, huingia kila moja mahali pa mwenzake bila upinzani wowote. Kanuni ni moja: nyaya nyeusi zikutane katikati.

Pawa saplai nyingi za swichingi hazitulii zikiwa hazina mzigo. Ukizipima tupu unaweza kupata namba za ajabu au kimya kabisa, ukadhani zimekufa. Chomeka diski kuu ya zamani usiyoijali iwe mzigo, ndipo upime volti 5 na 12.

HATUA YA 3: KAPASITA ZA BODI

Si kila kapasita ya zamani ni mbovu, na mtindo wa kubadilisha zote kwa mkupuo umeharibu bodi nyingi kuliko kapasita zenyewe. Kapasita kubwa za miguu kwenye mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi bado nzima. Zinazohitaji kutolewa bila mjadala ni zile ndogo za kopo za alumini zilizolehemiwa juu ya uso wa bodi, za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990: Macintosh SE/30, Macintosh LC, Amiga 600, Amiga 1200. Hizo huvuja zikiwa zimelala stoo kama zilivyo kazini.

Dalili: risasi iliyopoteza mng'ao karibu na kopo, ile harufu ya samaki ukigusa kwa solda, sauti hafifu, au SE/30 inayowaka na kuonyesha mistari mlalo mahali pa picha. Kwenye SE/30, nyingi kati ya kapasita hizo ni za mikrofaradi 47, volti 16. Osha bodi kwanza kwa isopropili, kisha ongeza risasi mpya na fluksi kwenye pedi kabla ya kutoa kopo, maana risasi iliyoliwa haiyeyuki vizuri. Safisha pedi kwa utepe wa shaba hadi zing'ae. Kapasita mpya za tantalamu au za kauri hazina majimaji ya kumwagika. Ukiweka tantalamu, kumbuka kwamba mstari wake unaonyesha chanya, wakati kwenye kopo la alumini alama nyeusi ni hasi. Kosa hilo moja hulipuka.

Tantalamu za zamani zina tabia yake. Kwenye IBM PC ya 1981 na XT ya 1983, zile za njia ya volti 12 hushoti, pawa saplai inajilinda, na unachoona ni feni kutikisika mara moja kisha kimya. Pima ukinzani kati ya volti 12 na ardhi, mashine ikiwa imezimwa na plagi imetoka: ukikaribia sifuri, umempata. Nyingi ni za mikrofaradi 10, volti 16, zenye miguu mitatu, na wa kati ndio chanya. Weka ya volti 25 au 35.

HATUA YA 4: KUWASHA

Toa kadi zote zisizo za lazima. Ondoa diski. Chipu zilizo kwenye soketi zibonyeze taratibu zikae, kwa kuwa miaka ya joto na baridi huzipandisha kidogokidogo. Chomeka, washa, hesabu hadi kumi, zima. Pua na masikio vifanye kazi kabla ya macho.

Skrini nyeusi si lazima iwe mashine. Amiga, Atari ST na kadi za picha za CGA za PC hutoa picha kwa takriban kHz 15, na monita nyingi za kisasa hazishiki chini ya kHz 31. Unahitaji kigeuzi cha picha au monita ya wakati huo.

Kama ni mashine, joto litakuambia mengi. Baada ya dakika moja gusa chipu moja moja. Kwenye Commodore 64, SID (chipu ya sauti), VIC-II (ya picha) na PLA (inayoelekeza mawasiliano na kumbukumbu) huwa za moto hata zikiwa nzima. Chipu ya kumbukumbu ikiunguza kidole wakati wenzake ni vuguvugu, hiyo ndiyo mbovu. Skrini nyeusi kabisa kwenye mashine hiyo, PLA ni mshukiwa wa kwanza. ZX Spectrum yenye takataka za rangi skrini nzima kwa kawaida imepoteza kumbukumbu yake ya chini ya KB 16, chipu za 4116. Usikimbilie kuzibadilisha: zinahitaji volti 12, 5 na hasi 5, na zikikosa hiyo hasi 5 hufa. Transista TR4 ndiyo huanza kufa, kwa hiyo pima volti zote tatu kabla ya kuweka chipu mpya, au utaziua nazo. Amiga hukuambia kwa rangi: nyekundu ni ROM (kumbukumbu ya kudumu), kijani ni kumbukumbu ya kazi. PC zina milio, na kwa za 286 na kuendelea kadi ndogo ya uchunguzi inayochomekwa kwenye nafasi ya ISA huonyesha msimbo wa hatua ambapo bodi imekwama.

HATUA YA 5: FLOPI NA DISKI KUU

Kabla ya flopi yoyote kuingia, safisha kichwa cha kusomea kwa kijiti cha pamba na isopropili, na uitazame flopi yenyewe kwenye mwanga. Ukungu ni madoa meupe juu ya sumaku. Flopi moja yenye ukungu huchafua kichwa, na kichwa hicho hukwaruza kila flopi inayofuata.

Ukisoma flopi kwa mara ya kwanza, isome ukiwa unainakili. Kifaa kama Greaseweazle huunganisha kisomeo cha zamani na kompyuta ya leo kwa USB na kunakili mawimbi ya sumaku yenyewe, hivyo hata diski zenye kinga ya kunakiliwa au mpangilio usio wa PC hupatikana. Usiandike juu ya flopi ya KB 360 kwa kisomeo cha MB 1.2: kichwa chake ni nusu ya upana, huacha kingo za data ya zamani, na kisomeo cha asili kitasoma yote mawili yakiwa yamechanganyika.

Visomeo vya inchi 3 vya Amstrad huendeshwa kwa mkanda wa mpira ambao kwa sasa ama umelegea ama umekuwa utope. Safisha utope wote kabla ya kuweka mpya. Diski kuu isiyozunguka mara nyingi imenasa vichwa vyake kwenye sahani. Ukiishika mkononi na kuizungusha kwa ghafla kidogo kama unavyogeuza ufunguo huku ikiwashwa, inaweza kuachia. Ikiachia, nakili kila kitu saa ileile. Kwa matumizi ya kila siku weka Gotek (kifaa kinachoiga flopi kwa kutumia kijiti cha USB) badala ya flopi, kadi ya CompactFlash kwenye kiunganishi cha diski cha IDE, au BlueSCSI (kadi inayoiga diski kuu) kwenye Macintosh, na diski za asili zipumzike.

PLASTIKI NA UHIFADHI

Unjano hutokana na kemikali za bromini za kuzuia moto ndani ya plastiki ya ABS. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 hadi 12 pamoja na jua kwa saa kadhaa huurudisha weupe, lakini vaa glavu na miwani, na zamisha kipande chote kwenye majimaji. Ukipaka krimu isiyo sawa utabaki na mabaka ya mawingu yasiyotoka. Unjano hurudi, hata gizani. Kasha lenye manjano yaliyo sawa kote heri uliache lilivyo.

Waya wa umeme usiuzungushe kwenye kasha. Vilainishi vilivyo ndani ya ganda lake hutoka na kuyeyusha ABS, na baada ya miaka michache unaacha mfereji kama wa chuma cha moto. Plastiki ya mapovu ya kufungashia nayo huacha alama za duara. Funga kwa karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba. Chipu za akiba zisikae kwenye sponji nyeusi ya zamani. Ikioza inakula miguu. Chumba kiwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 na joto lisilopanda na kushuka.

Bandika lebo ndani ya kila kasha: tarehe ya kutolewa betri, kapasita zilizobadilishwa, volti ulizopima, jampa zilivyokaa. Kila mashine iwashwe mara mbili kwa mwaka kwa nusu saa, na volti za pawa saplai zipimwe kila mara kabla ya kuichomeka kwenye bodi.